Mtu wa Shirika

Sponji inayofunika maikrofoni ina harufu yake. Ni harufu ya pumzi za watu wengi waliosema kwa zamu: tumbaku, kitunguu, midomo iliyoamka bila chai, na kwa mbali harufu ya mpira uliopigwa jua. Juzi nilikuwa stendi ya mabasi Dodoma na binti yangu, tukienda nyumbani kwenye arobaini ya mama, kijana mmoja wa redio akanisogezea maikrofoni mdomoni na kuniuliza nina maoni gani kuhusu nauli. Nilirudi nyuma hadi nikamkanyaga mtu. Kijana akacheka kwa adabu, akamgeukia abiria mwingine. Binti yangu akataka kujua nilichoogopa. Nikamwambia sikuogopa kitu. Niliona aibu, na aibu yenyewe ni ya zamani, ilianza siku nilipoinusa harufu ile kwa mara ya kwanza, kando ya kisima cha kijiji chetu.

Kijiji chetu kiko upande wa Chemba, enzi zile tukihesabiwa bado watu wa Kondoa. Nyumbani tulizungumza Kisandawe, lugha ambayo ulimi hugonga kwenye kaakaa na kwenye meno, na mgeni akiisikia hudhani watu wanaita kuku. Kiswahili kilikuwa cha shule, cha zahanati na cha mkutano wa kijiji. Mama alikiokota hapo hapo, hakukisomea, kwa hiyo alipokwama alichomeka neno la kwetu katikati na kuendelea na safari. Sisi watoto wa shule tulikuwa tumeshajifunza, bila mtu kutufundisha, kwamba kule kugonga kwa ulimi ni kitu cha kuficha mbele ya wageni, kama kaptula iliyochanika nyuma.

Wenye umri wangu mnakumbuka betri. Mnakumbuka zilivyoanikwa. Mwalimu Idi, mwalimu wetu mkuu, Mrangi wa Kondoa mjini, ndiye aliyekuwa na redio inayofanya kazi, na betri zake zikichoka alizipanga juu ya bati la ofisi ya shule zipate jua, zikawa zinatoa maji ya kahawia yenye harufu ya kutu na siki. Jioni zilikuwa zimepata nguvu za kusoma nusu ya taarifa ya habari. Nusu iliyobaki wazee waliijaza wenyewe. Gazeti lilitufikia likiwa limefunga sukari, na mtu akitaka kujua mwisho wa habari ilimbidi amtafute aliyenunua sukari baada yake. Ilikuwa miaka ya soko huria, tuliambiwa kila kitu kimefunguliwa, hata redio, na kwamba sasa mtu binafsi anaweza kuwa na stesheni yake. Kwetu kilichofunguliwa ni duka moja lililouza dawa za mswaki za rangi mbili.

Habari za kweli tuliletewa na baba. Baba aliitwa Melkiori, na alifanya kazi Dodoma mjini kwenye shirika moja la umma lenye maghala makubwa karibu na stesheni ya reli. Alikuja nyumbani kila baada ya miezi miwili mitatu. Basi lilimshusha njia panda, naye akatembea hadi kijijini akiwa amevaa ovaroli ya bluu yenye jina la shirika mgongoni, kwa herufi nyeupe, kutoka bega hadi bega. Herufi zile ndizo zilizonifundisha kusoma kabla sijaanza darasa la kwanza. Mama alipoifua ovaroli na kuianika kwenye ua, nilisimama mbele yake nikaisoma kwa sauti, naye mama akairudia baada yangu neno kwa neno, mpaka jina lote, refu kama lilivyokuwa, likamkaa kichwani yeye ambaye hakujua hata a.

Baba alipokuja, wanaume walikusanyika nyumbani kwetu na kiti chenye mgongo kililetwa kutoka kanisani ili akikalie. Alieleza bei za mjini, nani kapewa cheo na nani kanyang'anywa, bunge limesema nini, treni imeanguka wapi. Walimwamini kuliko redio kwa sababu yeye aliweza kuulizwa swali. Walimwita mtu wa shirika. Mimi nilidhani shirika ni mtu. Nilimwona akilini mwangu, mwanamume mkubwa mwenye tumbo, mwenye mji wa Dodoma wote, na baba amesimama kulia kwake kama malaika kwenye picha za katekisimu.

Kijana wa redio wa enzi zile alikuja wakati wa kiangazi, kabla ya mvua, wakati upepo unazungusha vumbi na punda wanasimama wakiwa wameelekeza migongo upande mmoja. Alitoka Dodoma na dereva wake, kwenye gari lililokuwa jeupe zamani. Alikuwa mpole, suruali ya jinzi, viatu vya raba, na alisema anatoka kwenye redio mpya ya mjini na anataka kujua watu wa vijijini wanapataje habari. Wanaume wengi walikuwa porini kwenye mizinga ya nyuki. Aliwakuta kina mama kisimani, na kwa kuwa mama ndiye aliyemkaribisha na kumpa maji ya kunawa uso, akaanza na yeye. Nilikuwa na mdogo wangu mgongoni. Kijana alipochomoa maikrofoni kwenye mkoba akaishika chini kidogo akitafuta kitufe cha kinasa sauti, nilisogea nikainusa.

"Mama, huku mnapataje habari?" aliuliza.

Mama alisema habari tunaletewa. Mume wake ndiye anayetuletea akitoka mjini. Kijana akauliza mume wake anafanya nini huko. Mama akakung'uta kanga yake, akasimama wima kama anayeitwa jina kanisani.

"Mume wangu anaitwa Melkiori," alisema. "Yeye ni mtu wa shirika."

Akalitaja shirika kwa jina lake lote, bila kuruka neno. Halafu akataka kuongeza kwamba baba si mtu wa kutupa nyumba yake, na hapo Kiswahili kikamwisha, akachomeka neno la kwetu na ulimi ukagonga. Kijana akatabasamu, akamwomba alirudie. Mama akalirudia, ulimi ukagonga tena, kwa nguvu zaidi. Kina mama wengine wakacheka. Mimi niligeuka nikawatazama punda. Masikio yalikuwa yakiniwaka. Nilijiambia kwamba sasa Dodoma nzima itasikia kwamba mama hajui kusema.

Kuna jambo jingine nililoliona kabla sijageuka, na sikulielewa. Jina la shirika lilipotajwa, kijana alimtazama dereva wake. Dereva naye akatazama chini, akaanza kusugua doa kwenye kioo cha gari kwa kidole. Walijua jambo. Wangeweza kumwambia mama pale pale, akiwa bado na kata ya maji mkononi. Badala yake kijana alimshukuru sana, akampa mdogo wangu pipi, wakaondoka.

Kesho yake mama aliamka sauti imekauka. Ilikuwa vumbi na mafua ya kiangazi tu, lakini mimi niliamini ile sponji imeimeza sauti yake, na kwamba haitarudi mpaka redio itakapoitoa. Kwa hiyo nilikuwa mtu wa kwanza kufika kwa Mwalimu Idi kila jioni. Mama naye alikuja, amejifunga kanga yake nzuri, akaketi na wanawake wenzake kwenye jiwe la mbele ya ofisi. Tulisikiliza matangazo ya vifo, tukasikiliza bei ya mahindi, tukasikiliza salamu za watu tusiowajua kwa watu tusiowajua. Betri zikafa, tukarudi nyumbani. Sauti yake ilipopona kidogo bila kusikika redioni, nilipata maelezo mapya. Wameikataa. Wamesikia kule kugonga kwa ulimi wakaitupa. Nikaanza kumfundisha mama kusema vizuri tukiwa njiani kwenda kuchota maji, nikimsahihisha kama mwalimu anavyotusahihisha sisi, na yeye akinifuata kwa utii, neno kwa neno, mpaka leo nikikumbuka utii ule najifunika uso.

Kisha siku moja wakati wa mapumziko shuleni, watoto wa darasa letu walinizunguka. Mmoja alikuwa ameshika gunzi la hindi mdomoni kama maikrofoni. Mwingine akasimama wima, akakung'uta kanga isiyokuwapo, akasema, "Mume wangu ni mtu wa shirika," na wote wakagonga ndimi na kuanguka kwa kicheko. Watoto wale wale ambao majumbani kwao hawakusema lugha nyingine yoyote. Mimi sikukasirika. Nilifurahi. Nilielewa jambo moja tu, kwamba sauti ya mama hatimaye imetoka. Nikakimbia hadi nyumbani bila ruhusa, mdogo wangu alikuwa amelala kwenye mkeka, mama anapeta uwele. Nikamwambia, "Mama, wamekusikia."

Aliweka ungo chini. Alinawa uso, akavaa ile kanga, tukaenda kwa Mwalimu Idi mchana ule ule. Alikuwa ofisini na redio yake ikicheza kipindi cha kilimo. Mama alimsalimu, akasema watoto wanasema amesikika, na yeye angependa kujua itarudiwa lini ili naye asikie. Mwalimu Idi alizima redio. Sijawahi kumwona akiizima kabla betri hazijafa zenyewe. Akanituma nikawape kuku wake maji. Nilikwenda nyuma ya ukuta nikasimama pale pale chini ya dirisha.

Alimwambia mama kwa upole, akichagua Kiswahili chepesi, kwamba redio ya yule kijana haifiki huku. Inasikika Dodoma mjini na pembezoni mwake, basi. Watoto wamelipata jambo hilo kwa kondakta wa basi, aliyeisikia huko mjini akaja kuisimulia dukani. Mama akauliza kondakta amesimulia nini. Mwalimu akaeleza. Sauti ya mama ilitolewa vizuri, tangu salamu mpaka alipotaja shirika. Hapo mtangazaji akaingia na maneno yake.

"Alisema shirika hilo lilishafungwa, Mama Vero. Wafanyakazi waliachishwa tangu msimu uliopita wa kulima. Akasema huo ndio mfano wa habari isiyofika vijijini."

"Nani aliachishwa?" mama aliuliza.

"Wote."

Nilisikia kuku wakiparua chini. Mama aliuliza, na sauti yake haikupanda wala kushuka, "Wewe ulijua lini?"

Mwalimu Idi alisema aliisikia kwenye taarifa ya habari siku nyingi zilizopita, betri zikiwa zinakufa. Alidhani mumewe amemwambia. Na baadaye alipomwona Melkiori anakuja kijijini na ovaroli yake kama kawaida, akadhani labda alisikia vibaya. Halikuwa jambo la yeye kulitangaza. Mama akasema asante mwalimu. Akatoka, akanikuta ukutani na kopo tupu mkononi, akapita.

Njiani hakunishika mkono. Nami sikutaka anishike, maana nilikuwa nimeshafika kwenye hukumu yangu. Nilichokuwa nimekielewa chini ya lile dirisha ni hiki: mama amelitaja shirika redioni, akagonga ulimi, na shirika limefungwa. Nilimwona yule mwanamume mkubwa mwenye tumbo amekasirika, anafunga milango ya maghala kwa sababu ya mke wa Melkiori asiyejua kusema. Maneno ya mwalimu kuhusu msimu uliopita hayakunizuia. Nilimtazama mama mgongoni, anavyotembea haraka, nikamwonea aibu na kumchukia kwa mwendo wa njia nzima. Hilo sijawahi kumwambia mtu, na mama mwenyewe sikumwambia, hata alipokuwa mgonjwa na tulikuwa na muda wote wa kuongea.

Mvua za kwanza zilipoanguka, baba alikuja. Alikuwa amevaa shati la kijivu na suruali iliyokatwa chini. Nilimkimbilia nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na aliponinyanyua nikaona viganja vyake vimekuwa vigumu kama kwato, na kwenye bega moja shati limechakaa hadi kubaki nyuzi. Wanaume walikuja jioni, si wengi kama zamani. Mtu alileta kile kiti cha kanisani. Baba alikishukuru, akakiweka kando, akaketi chini kwenye gogo na wengine. Waliongea kuhusu mvua. Hakuna aliyemuuliza habari za mjini, na ukimya ule wa adabu niliuhisi hata mimi niliyekuwa mtoto, kama mnapokula na mtu mwenye msiba na hakuna anayetaka kulitaja jina la marehemu.

Asubuhi walikwenda shambani kupanda uwele, nami nikaenda na mdogo wangu mgongoni. Baba alitangulia akifungua mashimo kwa jembe. Mama alifuata, anaangusha mbegu na kufukia kwa unyayo. Udongo ulikuwa mwekundu, wenye joto bado chini ya unyevu. Walifika mwisho wa mstari wa kwanza bila neno, wakageuka. Kwenye mstari wa pili baba akaanza kusema, kwa lugha yetu, bila kugeuza shingo, akichimba. Alisema waliitwa siku moja wakaambiwa kazi imekwisha. Alitafuta kazi ya ulinzi akakosa. Sasa anakodi mkokoteni, anabeba mizigo ya watu sokoni Majengo. Ovaroli aliendelea kuivaa kwa safari za nyumbani tu.

"Nilitaka nipate kazi nyingine kwanza," alisema. "Nije nikwambie yote mawili kwa pamoja."

Mama aliangusha mbegu, akafukia. Baba akaendelea. Siku ile sauti ya mama ilipotoka redioni, alikuwa kijiweni na wasukuma mikokoteni wenzake, wanakunywa kahawa, na mwenye kijiwe ana redio ameitundika kwenye mti. Wameanza kumwita Shirika tangu siku hiyo. Akiitwa abebe mzigo, anaitwa Shirika. Hata watoto wa sokoni.

"Na sauti yangu uliisikia?" mama aliuliza.

Jembe la baba lilisimama. "Niliijua kabla hujamaliza neno la kwanza," alisema. "Niliinuka. Niliwaambia wote, huyo ni mke wangu."

"Uliwaambia kabla ya yule mtangazaji kusema?"

"Kabla."

Mama alitazama mbegu zilizobaki kiganjani, akazihamisha kwenye kiganja cha pili, na kwa muda mfupi wote wawili walikuwa wamesimama tu shambani kama watu waliosahau walichokuja kufanya. Halafu baba akachimba shimo, na mama akaangusha mbegu.

Siwezi kusema kwamba mambo yalitengemaa hapo. Baba alirudi mjini. Shuleni gunzi la hindi halikukoma haraka, na mimi nilijifunza kuufunga mdomo wangu. Hata nyumbani nikawa namjibu mama kwa Kiswahili tu. Alikuwa akinisemesha kwa lugha yetu na mimi namjibu kwa ile nyingine, na hakunikataza. Kitu kimoja tu kilibadilika. Mama aliacha kwenda kukaa kwenye lile jiwe la mbele ya ofisi ya mwalimu. Kina mama walipomwita alisema ana kazi.

Uwele ulipovunwa, alimpelekea baba ujumbe kwa kondakta yule yule wa basi kwamba anakuja. Baba alirudisha jibu kwamba asije, mjini hakuna mahali pa kulala. Mama alifunga gunia, akatuchukua mimi na mdogo wangu, tukapanda basi. Dodoma ilinuka moshi wa magari, vitunguu vilivyooza na ngozi za mbuzi. Baba alitupokea akiwa na mkokoteni. Nilikuwa nimeusikia kwa jina tu. Ulikuwa na magurudumu ya gari na mbao zilizopakwa grisi nyeusi, na mahali pa bega pamefungwa kitambaa. Alipakia gunia letu juu ya mizigo ya mtu mwingine, akatuambia tutangulie kwa njia ya nyuma, tupite mitaani, atatukuta chumbani.

"Wewe unapita wapi?" mama alimuuliza.

Baba alisema yeye anapita sokoni, ndiko mzigo unakokwenda.

Mama akanipa mdogo wangu nimbebe. Akajifunga kanga kiunoni, akaenda nyuma ya mkokoteni, akaweka mikono juu ya mbao. Baba alimtazama kwa muda. Hakubishana naye, wala hakumsihi. Aliingia kati ya mikono ya mkokoteni, akainama, tukaenda.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, soko limejaa. Watu walitupisha. Nilitembea nyuma yao huku nikikanyaga alama ya gurudumu ili nisiangalie kitu kingine. Tulipofika kwenye mti wenye redio nilijua ni wenyewe kabla sijainua uso, kwa sababu muziki ulikuwa ukitoka juu. Wanaume walikuwa wameketi kwenye mabenchi, vikombe vidogo mikononi. Mmoja akaita, bila ubaya wowote, kama mtu anavyoita kila siku.

"Shirika, ukitoka huko pitia hapa, kuna mzigo."

Mama aliachia mkokoteni. Ulirudi nyuma kidogo, baba akauzuia kwa bega. Mama akavuka hadi kwenye mabenchi, na mimi moyoni nikamwomba asiseme, chochote kile, asifungue mdomo. Aliwasalimu vizuri, wakubwa kwa shikamoo, wengine kwa habari za asubuhi, mpaka wote wakawa wamemwitikia. Mwenye kijiwe akapunguza redio.

"Mimi ni yule mama aliyesema redioni," mama alisema. "Kwa habari ya kazi, nilikosea. Haikunifika." Akakwama hapo. Nililiona neno likimponyoka, kisha akasema la kwetu, ulimi ukagonga, wazi kabisa, na mtu mmoja kwenye benchi akainamia kikombe chake kuficha kicheko. Mama alimsubiri amalize. "Lakini kwa habari ya jina sikukosea. Huyu anaitwa Melkiori."

Mzee mmoja alisogea kwenye benchi kana kwamba anampisha mtu mahali, ingawa hakuna aliyetaka kukaa. Mama akawaaga, akarudi.

Baba hakuwa amegeuka. Niliona shingo yake, jasho limechora mistari kwenye vumbi, na mabega yanayopanda na kushuka ingawa alikuwa amesimama. Uso ulikuwa ukiniwaka kama siku ile kisimani. Nilikuwa na hakika kwamba soko zima linatutazama, na huenda lilikuwa linatutazama kweli. Mama aliweka mikono yake kwenye mbao. Baba akasema neno moja kwa lugha yetu, lile la kumwambia mtu asukume. Nilimfunga mdogo wangu vizuri mgongoni, nikaweka mikono yangu karibu na ya mama, nikainamisha uso, nikasukuma.